HPLC inasema 180, titresheni inasema 410: nani mwongo hapa?

#1 KichupaSafi
Wakuu salaam. Niko maabara ya kiwanda cha karatasi, mzunguko wa maji umefungwa, yaani maji yale yale yanarudi kwenye mashine siku nenda siku rudi. Harufu imeanza kupanda, bakteria wanakula wanga na kutema asidi, kwa hiyo naambiwa nipime asidi za kikaboni kila asubuhi.

Titresheni ya hatua mbili (nadondosha asidi ya salfuriki kwa bureti, ule mrija wenye vipimo, hadi pH 5.0, halafu hadi 4.4) inanipa asidi tete, zile nyepesi zinazoweza kuvukiza, 410 mg/L zikihesabiwa kama asetiki. HPLC, mashine inayotenganisha asidi moja moja ndani ya kolamu, inanipa asetiki 180 na laktiki 60. Nimerudia mara tano, kila mashine inang'ang'ania jibu lake. Kolamu ni ya rezini yenye salfoneti katika umbo la hidrojeni, urefu sm 30, kibebaji (kimiminika kinachosukuma sampuli) ni asidi ya salfuriki milimoli 5, mwendo ml 0.6 kwa dakika, joto 60, kitambuzi cha UV kwenye nanomita 210. Kila mdungo (kuingiza sampuli na kusubiri asidi zitoke) ni dakika 18.

Meneja wa uzalishaji anataka namba moja. Nimpe ipi?

#2 Tone_la_Mwisho
Wote wawili waongo. Wa tatu ni wewe unayesaini ripoti. Navuta kiti.

#3 MamaBureti
Kichupa mwanangu, usiitukane titresheni mapema. Bureti inahesabu kila asidi dhaifu iliyomo kwenye maji. HPLC inahesabu zile tu ulizoifundisha. Umeifundisha ngapi?

#4 KichupaSafi
Mbili mama. Asetiki na laktiki. Ndizo zilizokuwa kwenye kabati.

#5 MamaBureti
Basi jibu unalo. Umeita majina mawili darasani, halafu unashangaa wanafunzi ni wachache.

#6 MzeeWaKolamu
Mama ana hoja, ila tusikimbilie. Kwenye kolamu ya aina hiyo na kwa mwendo huo, mpangilio huwa hivi: oksaliki inawahi kabisa, kama dakika ya 6 na ushee, inafuata sitriki, halafu maliki, suksiniki, laktiki, formiki, asetiki kwenye 15 hivi, propioniki kwenye 17 na ushee, kisha butiriki kama dakika ya 21. Dakika zinasogea kidogo kolamu kwa kolamu, mpangilio hausogei sana.

Sasa soma tena #1. Mdungo wake ni dakika 18. Butiriki ya dakika ya 21 inakwenda wapi?

Kichupa, niambie ukweli. Una kilele cha ajabu (mwinuko kwenye mchoro) mapema, kabla ya dakika ya 6, kipana, kimelala kama kilima?

#7 KichupaSafi
Mzee umenitisha. Kipo, dakika ya 3. Kwenye mdungo wa kwanza wa siku hakipo, kuanzia wa pili kipo daima. Nilidhani ni hewa kwenye pampu, hata nimebadilisha valvu.

#8 MzeeWaKolamu
Pole na valvu. Kwenye kolamu yako hakuna kitu kinachoweza kutoka dakika ya 3. Hata kile kisichoshikwa kabisa lazima kizunguke nje ya punje za rezini, na hilo peke yake linachukua kama dakika 6. Kilele kinachotokea kabla ya hapo ni cha mdungo uliopita. 18 jumlisha 3 ni 21. Hiyo ni butiriki inakusalimia kwa kuchelewa, na kwa mzunguko wenye harufu kama wako sishangai hata kidogo. Endesha dakika 35 urudi hapa.

#9 Sisimizi
Wakubwa, samahani kwa swali la shule. Kwa nini asidi kali ndiyo inatoka kwanza? Mimi nilifundishwa kitu chenye chaji kinashikwa na rezini ya kubadilisha ayoni.

#10 MzeeWaKolamu
Swali zuri, watu wa miaka kumi kazini hulikosa. Rezini ile imebeba salfoneti, chaji hasi. Asidi kali ikishaachia hidrojeni inabaki nayo na chaji hasi, hasi kwa hasi hazipatani, inafukuzwa mlangoni na kupita nje ya vitundu. Asidi dhaifu katikati ya asidi ya salfuriki inabaki nzima, haina chaji, inaruhusiwa kuingia ndani ya vitundu na kutembeatembea, ndiyo maana inachelewa. Oksaliki pKa yake ya kwanza (pH ambapo nusu yake imeachia hidrojeni) ni 1.25, inafukuzwa. Asetiki 4.76, inakaribishwa. Butiriki ina mkia mrefu wa kaboni unaopenda plastiki ya rezini yenyewe, kwa hiyo inachelewa kuliko pKa yake inavyoonyesha.

Njia hii ya kufukuza ayoni ilielezwa na Wheaton na Bauman mwaka 1953. Bauman huyo huyo mwaka 1975, akiwa na Small na Stevens, ndio waliotoa kromatografia ya ayoni yenye kizimishi (kinachopunguza upitishaji umeme wa kibebaji) na kipimo cha upitishaji umeme.

#11 Tone_la_Mwisho
Sisimizi kuuliza habari za asidi ya formiki ni kama mtu kuuliza habari za ukoo wake. Jina lenyewe limetoka kwa sisimizi.

#12 Sisimizi
😂 Nimeelewa. Asante Mzee.

#13 NgaziYaPH
Mmeisamehe bureti mapema mno. Hebu tufanye hesabu.

Titresheni ya pH 5.0 hadi 4.4 inachukulia kwamba kati ya namba hizo mbili ni asidi tete tu zinazokula asidi yako. Si kweli. Asidi ya kaboni, ile inayogeuka bikaboneti, ina pKa 6.35. Kwenye pH 5.0 bado asilimia 4 hivi ya kaboni yote iko katika umbo la bikaboneti, kwenye 4.4 imebaki asilimia 1. Ile tofauti ya asilimia 3 inahesabiwa kama asidi tete. Unaona ndogo? Ngoja. Asetiki yenyewe, kati ya 5.0 na 4.4, inajipima theluthi moja tu (kutoka asilimia 63 hadi 30), ndiyo maana fomula inazidisha kwa kama 3. Na kosa la bikaboneti linazidishwa vilevile. Maji yakiwa na kaboni milimoli 20 kwa lita, kosa linafika kama 115 mg/L za asetiki hewa.

Kiwanda cha karatasi kinachojaza kwa kaboneti ya kalsiamu, asidi za bakteria zinaiyeyusha ile kaboneti, bikaboneti inapanda. Titresheni yako inapima chokaa, bwana.

#14 MamaBureti
NgaziYaPH hesabu yako safi, lakini umefunga chupa. Mimi nakoroga kwenye bika la wazi, kaboni dioksaidi inatoka inachemka kwa macho. Ikitoka haihesabiwi. Hiyo 115 ni dari.

#15 NgaziYaPH
Ikitoka yote, ndiyo. Lakini inatoka polepole kuliko mkono wako unavyofungua bomba la bureti. Fanya hivi: simama pH 5.0, pitisha naitrojeni dakika kumi, pH itapanda, irudishe 5.0, kisha ndipo uende 4.4. Kinachobaki ndicho cha kuhesabu.

#16 Mvukizo
Ukipitisha gesi si utapoteza na asetiki yenyewe? Inaitwa asidi TETE.

#17 NgaziYaPH
Jina linadanganya. Asetiki ikiwa nyembamba ndani ya maji inayashika maji kweli kweli. Wanaoitoa kwa kuchemsha na mvuke wanajua inavyochelewa, wanakusanya mililita mamia ndipo wapate sehemu kubwa. Na kwenye pH 5 theluthi mbili ni ayoni, ayoni haivukizi. Dakika kumi za naitrojeni haziigusi.

#18 GesiTu
Mnahangaika bure. Tumieni GC, kromatografia ya gesi. Asetiki, propioniki, butiriki na isobutiriki zinatoka kwa usafi, dakika chache, hakuna chokaa hakuna kilima.

#19 MzeeWaKolamu
GesiTu ulikuwa umepotea, karibu. Swali moja: formiki unaionaje kwa kitambuzi cha mwali wa moto?

#20 GesiTu
...

#21 MzeeWaKolamu
Basi. Mwali huo kwa formiki ni kama kipofu. Laktiki na sitriki nazo hazipandi hewani mpaka uzivalishe nguo nyingine kwa kemikali. GC ni rafiki kwa asidi nne tano, si kwa maji ya kiwanda yote.

#22 BombaLaMvuke
Naingilia kidogo. Mimi niko upande wa mvuke, kwetu miligramu ni balaa, tunahesabu mikrogramu. Asetiki na formiki zinatokana na zile amini tunazotia kulinda mabomba, zikipikwa zinavunjika. Maji safi kabisa kwenye nyuzi 25 yana upitishaji wa mikrosimensi 0.055 kwa sentimita. Tia mikrogramu 10 tu za asetiki kwa lita, baada ya kichujio cha rezini ya hidrojeni, unakaribia 0.09. Na opereta anayeona namba imepanda anadhani maji ya kupoozea yamevuja kwenye kondensa, anaanza kuzima mtambo.

Sasa kisa. Mwaka fulani asetiki yetu ilipanda ghafla kwenye kila sampuli, hata kwenye maji safi ya kulinganishia. Wiki nzima tunabishana na watu wa kemikali. Mwishowe kijana mmoja akauliza nani ameziba dirisha la maabara. Fundi alikuwa ameziba kwa silikoni, ile inayonuka siki ikikauka. Inanuka siki kwa sababu inatoa asetiki yenyewe. Maji yetu safi yalikuwa yamekaa kwenye bika wazi, yanakunywa hewa ya chumba.

Kichupa, kwa 180 mg/L hili halikuhusu. Ila siku ukishuka chini, kumbuka dirisha. Makabati ya mbao nayo yanatoa asetiki na formiki, na glavu usizishikishe mdomo wa kichupa.

#23 Mvukizo
Na vichujio vya sindano. Kuna vya asetati ya selulosi. Mtu anapima asetati kwa kuipitisha kwenye asetati.

#24 BombaLaMvuke
Tulishapita huko 🙈. Siku hizi tunamwaga mililita kadhaa za kwanza na kila kundi jipya la vichujio linapimwa kwa maji matupu.

#25 KichupaSafi
Nimerudi na matokeo wakuu. Nimeendesha dakika 35. Mzee alikuwa sahihi, butiriki ipo, propioniki ipo. Nimepata asidi zake mpya kabisa, nimetengeneza myeyusho wa kulinganishia. Propioniki 55, butiriki 70. Kilima cha dakika ya 3 kimepotea.

#26 NgaziYaPH
Lete nibadilishe kuwa asetiki. Propioniki 55 ni kama 45. Butiriki 70 ni kama 48. Laktiki ngoja, hii ina ujanja: pKa yake ni 3.86, kwa hiyo kati ya 5.0 na 4.4 inajipima asilimia 16 tu, chini ya nusu ya asetiki. 60 za laktiki zinaonekana kwa bureti kama 19. Jumla 180 + 45 + 48 + 19 = 292. Titresheni ni 410. Bado deni la 118.

#27 Tone_la_Mwisho
118 na hesabu yako ya 115. Funga uzi, tukalale.

#28 NgaziYaPH
Usinitilie maneno mdomoni. 115 ni kwa milimoli 20 za kaboni. Kichupa hajasema zake ni ngapi.

#29 KichupaSafi
Nimefanya ya naitrojeni kama ulivyosema. Imeshuka kutoka 410 hadi 375. Nimerudia mara tatu, 373, 375, 378.

#30 MamaBureti
35. Nilisema ni dari.

#31 NgaziYaPH
Sawa mama, nimeinama. Maana yake kaboni yake ni milimoli 6 au 7 hivi. Limebaki deni la 83.

#32 ChachuYaZamani
Hakuna aliyeuliza sampuli ina umri gani inapodungwa. Maji hayo yamejaa bakteria wanaoishi kwa asidi hizo hizo. Ukiiacha chupa mezani, kiwanda kinaendelea ndani ya chupa. Kuna wanaochukua laktati tatu wakatoa propioneti mbili, asetati moja, kaboni dioksaidi na maji. Kuna wengine wanakula formiki kwanza kama peremende. Kichupa, dunga chupa moja leo na kesho, bila kuiweka baridi, utuambie.

#33 KichupaSafi
Nilikuwa nayo ya jana kwenye trei, joto la chumba. Laktiki imetoka 60 ikawa 22. Propioniki imepanda, asetiki imepanda kidogo.

#34 ChachuYaZamani
Unaona. Chuja kwa mikromita 0.2 papo hapo kwenye bomba, weka nyuzi 4, pima siku hiyo. Titresheni unaifanya saa ngapi, na HPLC saa ngapi?

#35 KichupaSafi
Titresheni papo hapo. HPLC jioni, foleni ndefu. Ila ya HPLC nachuja asubuhi kwa 0.45.

#36 ChachuYaZamani
0.45 bakteria wengine wanapita wakiimba.

#37 MzeeWaKolamu
Subiri. Ya HPLC unachuja. Ya titresheni?

#38 KichupaSafi
Ya titresheni sichuji mzee. Utaratibu ulioandikwa hausemi kuchuja.

#39 MzeeWaKolamu
Eh.

#40 NgaziYaPH
Jamani. Maji ya mashine ya karatasi bila kuchuja, ndani kuna unga wa kaboneti ya kalsiamu unaoelea. Unamwaga asidi juu ya chokaa. Kila ukifika 4.4 pH inarudi juu polepole, siyo? Na unaongeza tone, na inarudi?

#41 KichupaSafi
Ndiyo, nilidhani elektrodi imezeeka. Nimeagiza mpya.

#42 Tone_la_Mwisho
Valvu, sasa elektrodi. Mkiwa na hisa kwa wauza vipuri mtuambie.

#43 MamaBureti
Kichupa, hilo kosa ni letu sote, mimi ndiye niliyekuambia bureti inahesabu kila kitu, na imefanya kazi yake, imehesabu hadi mawe. Chuja ukapime upya, na naitrojeni juu yake.

#44 NyuziZaMti
Si chokaa tu. Nyuzi zenyewe zina makundi ya kaboksili, pKa kwenye 4 na kitu, vipande vidogo vinavyoelea vinapokea hidrojeni vilevile. Na kama mnatia alumu, aluminiamu iliyoganda kama hidroksidi inayeyuka kati ya pH 5 na 4.4 ikimeza asidi. Hiyo ni safu nzima ya wezi kwenye dirisha lile lile dogo. Kuchuja kunaondoa nyuzi, lakini vilivyoyeyuka vya ligini (gundi ya mti) vinapita na kichujio, na HPLC yako haiviiti asidi, inaviona kama mstari wa chini uliovimba.

#45 Sisimizi
Kwa hiyo hata tukifika namba sawa, haimaanishi tumepima kitu kimoja?

#46 NyuziZaMti
Swali hilo waulize MamaBureti na Mzee uone watakavyogombana.

#47 KolamuNyeupe
Mimi natumia kolamu ya C18 (punje zenye minyororo ya kaboni 18), bafa ya fosfeti pH 2.5, na sijawahi kuwa na kilima. Kwa nini mnakaa na rezini za bei kubwa zinazovimba?

#48 MzeeWaKolamu
C18 ni halali, ila ina masharti yake. pH ikae mbali na pKa: ukiteleza hadi 3.5 au 4, asidi nusu ina chaji nusu haina, vilele vinatembea kila siku. Na C18 ya kawaida ndani ya maji matupu bila kimiminika cha kikaboni, ukisimamisha pampu usiku, maji yanakimbia vitundu, asubuhi unakuta muda wa kutoka umenyauka wote. Zipo zilizotengenezwa kuvumilia maji matupu.

Zaidi ya hapo, kwenye 210 kila kitu kinaonekana. Nitrati inang'aa kama jua. Kwenye rezini inafukuzwa mwanzoni na kumwangukia oksaliki, angalau unajua ilipo. Kwenye C18 nayo huwa mwanzoni, mahali asidi zako ndogo zimebanana.

#49 KolamuNyeupe
Nitrati sina. Ila nakubali la usiku, lilinikuta.

#50 Mvukizo
Na fumariki je? Nimesoma mahali inafuatana na formiki.

#51 MzeeWaKolamu
Hutoka jirani mno, na ina kifungo maradufu kinachokunywa UV kuliko formiki mara nyingi. Chembe ya fumariki inavaa sura ya formiki nyingi. Ukiwa na kitambuzi cha kipeo cha nuru (kinachopima jinsi nuru inavyopinda ndani ya kimiminika) kando ya UV, linganisha viwili: formiki halisi itatoa uwiano ule ule wa myeyusho wako wa kulinganishia, fumariki itavunja uwiano. Kitambuzi hicho cha pili kinaona na sukari na ethanoli ambazo UV haizioni.

#52 MagandaYaBomba
Oksaliki mmeitaja mara tatu na hakuna anayeipima. Kwenye mitambo inayopausha massa oksaliki inazaliwa, inakutana na kalsiamu, inakuwa jiwe ndani ya bomba. Nayo ina tabia ya kuganda ndani ya chupa ya sampuli. Oksaleti ya kalsiamu inayeyuka miligramu chache tu kwa lita. Unachuja, jiwe linabaki kwenye kichujio, HPLC inakuambia hakuna oksaliki, na bomba linazidi kuziba. Tia asidi kwenye chupa kabla ya kuchuja kama unaitafuta.

#53 ChachuYaZamani
Kutia asidi kabla ya kuchuja kwa Kichupa ni kuyeyusha chokaa yote. Afanye chupa mbili.

#54 MagandaYaBomba
Chupa mbili, ndiyo. Na kalsiamu yote hiyo akiidunga inakaa kwenye rezini na kuivua hidrojeni yake, muda wa kutoka unaanza kusogea. Kolamu ya ulinzi mbele, na mara moja moja kuiosha usiku kucha kwa asidi kali kidogo, mwendo mdogo.

#55 KichupaSafi
Wakuu, iliyochujwa kwa 0.2 na kupitishwa naitrojeni: titresheni 325. HPLC ya sampuli ile ile, imedungwa ndani ya saa moja: namba karibu zile zile, jumla 291 kwa hesabu ya NgaziYaPH.

#56 NgaziYaPH
34. Kwa maji ya aina hiyo naweza kulala.

#57 MamaBureti
Mimi hapana. 34 ni asilimia 10. Nyuzi za NyuziZaMti zimechujwa, nani anaila?

#58 NyuziZaMti
Nimesema vilivyoyeyuka vinapita na kichujio. Na alumu mama, alumu.

#59 KichupaSafi
Alumu hatutii tangu tuhamie kaboneti.

#60 Mizani
Nimesoma uzi wote. Kuna kitu kinanikera tangu #4. Asetiki ya kulinganishia umeitengeneza kwa nini? Asidi yenyewe au asetati ya sodiamu?

#61 KichupaSafi
Asetati ya sodiamu. Chupa ya kabatini.

#62 Mizani
Kavu au yenye maji matatu? Kavu ni gramu 82.03 kwa moli, yenye maji ni 136.08. Ukichanganya, unakosea kwa mara 1.66. Hapo ndipo asetiki yako ilipopungua.

#63 MzeeWaKolamu
Mizani umegeuza. Akipima yenye maji akidhani ni kavu, myeyusho wake una asetati kidogo kuliko lebo, na kila sampuli inatoka KUBWA kuliko kweli. Ili asetiki ipungue, kosa lazima liwe la upande mwingine: ni kavu, kahesabu kama yenye maji.

#64 Mizani
Kweli. Nimeshika mizani kwa mkono wa kushoto. Lakini swali liko pale pale, ipi?

#65 KichupaSafi
Nilihesabu kama kavu. Lebo ya chupa imefutika, imebaki "...ati ya sodi...".

#66 Tone_la_Mwisho
Nimecheka hadi nimemwaga kibebaji.

#67 MzeeWaKolamu
Pima gramu kadhaa, weka oveni nyuzi 120 hadi uzito utulie. Yenye maji matatu itapoteza karibu asilimia 40. Kavu haitapoteza kitu. Na laktiki yako, ni ile nzito ya asilimia 85 au 90? Ndani yake molekuli zimeshikana mbili mbili, laktiki huru ni pungufu ya unavyodhani. Tumia laktati ya lithiamu, au ichemshe ikiwa nyembamba kwanza.

#68 KichupaSafi
Imetulia. Imepoteza asilimia 21.

#69 Mizani
21? Si hii wala ile.

#70 ChachuYaZamani
Kavu iliyokunywa hewa ya kabati miaka kadhaa. Inavuta unyevu yenyewe.

#71 NgaziYaPH
Basi asetati halisi ni asilimia 79. Asetiki yake si 180, ni 142. Jumla inakuwa 253 dhidi ya 325. Deni limerudi 72, na hapo nililala.

#72 MamaBureti
Karibu tena macho, baba. Kichupa, achana na chupa hiyo. Chukua asidi ya asetiki halisi, ipunguze nguvu, uipime kwa hidroksidi ya sodiamu na fenolfthalini, nguvu yake kamili ndiyo uipe HPLC.

#73 Tone_la_Mwisho
Yaani HPLC inakwenda kuapishwa na bureti.

#74 MzeeWaKolamu
Ndivyo ilivyo siku zote, hawapendi tu kusema. Na kwenye sampuli yenyewe, Kichupa, ongeza asetiki 100 inayojulikana, uone kama unairudisha yote 100. Ikirudi 80, matatizo yako ndani ya maji. Ikirudi 100, tuanze kutafuta asidi ambayo hakuna hapa aliyeitaja. Kuna kilele chochote kati ya 22 na 35 ambacho hujakiuliza jina?

#75 KichupaSafi
Kipo kimoja, dakika ya 29, kidogo. Nilidhani ni hewa.

#76 MamaBureti
Usiniambie umeagiza valvu.